Mzinga wa Arusi

"Sikuhitaji kuona, mwenzangu. Nyuki wameona."

Eufrazia alibaki ameshika upawa mlangoni. Alikuwa amemuuliza jirani yake Pelagia swali moja tu: huyo mwanamume ambaye Pelagia anadai aliingizwa humu ndani, alimwona lini, ikiwa Pelagia mwenyewe aliaga kwamba wiki nzima yuko kwa shangazi yake? Jibu ndilo hilo.

Kile kijiji cha ujamaa, karibu na Inyonga, nyumba zake zilipangwa mstari, jiko kwa jiko. Ukipiga chafya kwako, pole inatoka kwa jirani. Kwa hiyo nyumba ya tatu na ya nne walishaacha kupepeta, wametega masikio.

Ugomvi ulikuwa wa mzinga. Telesphor, mume wa Eufrazia, aliuchonga wiki ya arusi yao, akamwambia bibi arusi: nyuki wakikaa, na sisi tumekaa. Wakakaa. Wiki iliyopita akaingia porini kurina asali ya kwanza. Jana akarudi ndoo tupu, uso kama boga. Na huko kila mrina asali anajua kwamba nyuki hawamgeukii mtu bure. Mrina akiwa porini, ndoa yake isiguswe. Imeguswa, basi. Na nani? Aliyebaki nyumbani, nani tena.

Eufrazia aliapa kwa Bikira Maria, akaapa kwa kaburi la baba yake. Wapi. Jana jioni alikaa akimng'oa mumewe miiba ya nyuki usoni kwa kucha, mmoja mmoja, na mume huyo huyo anamwambia afunge mzigo. Balozi wa nyumba kumi naye alishakata shauri: kesho lori la tumbaku limfikishe Mpanda, mbele ya hapo atajua mwenyewe njia ya kwao Kapalamsenga, ziwani. Mwaka haujaisha, anarudishwa kama debe lililotoboka.

"Dada Pelagia," alisema, "wewe wanakusikiliza. Waambie hujawahi kuniona na mtu."

Pelagia alijikusanya ndani ya kanga. Tangu jana alikuwa amejitanda kutoka kichwani mpaka vidoleni. Jino, eti, halitaki upepo. Jino gani hilo, lisilouchosha mdomo.

"Niseme uongo? Mtoto wa watu amevimba hivi hata macho hafungui. Nyie wasichana wa ziwani hamuwezi kungoja mume. Nenda kwenu, njia ile pale."

Akanyoosha mkono kuionyesha. Kanga ikateleza.

Mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, unang'aa. Nyuma ya kiganja miiba midogo myeusi ilikuwa bado imesimama, hakuna aliyeing'oa.

Eufrazia aliutazama. Kisha akajisogeza pembeni, mlango ukabaki wazi.

"Karibu ule, dada," alisema, kwa sauti ya kufika nyumba ya nne. "Ugali bado wa moto, na mgonjwa mwenzio yumo ndani."