Kapu la Mavuno

Ilikuwa vuli ya mwaka 1972, mjini Birmingham, mwezi wa Ramadhani. Baada ya sala ya mavuno, wanafunzi wa shule ya Kianglikana, Wakristo kwa Waislamu, walitumwa kupeleka vyakula kwa wahitaji. Jokha, ingawa alikuwa amefunga, alijitolea kubeba kapu, na kishikio chake kikamchubua viganja njia nzima ya Soho Road.

Mwalimu alisimama mbele ya mlango wa kijani. Ulikuwa mlango wa kina Jokha.

"Kasisi ameichagua familia hii," alisema mwalimu. "Bisha hodi."

Mama alifungua kabla hajabisha. "Karibuni, wanangu!"

"Mama, usipokee!" Jokha alinong'ona kwa Kiswahili, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Wanatuona mafukara!"

"Nyamaza. Mgeni hafukuzwi mlangoni."

Mama alilichukua kapu akaingia nalo jikoni. Jokha alibaki kizingitini, ameuma mdomo, asithubutu kugeuka kuwatazama wenzake.

"Mfasirie mwalimu wako," Mama alisema aliporudi. "Sisi haturudishi chombo cha watu kitupu."

Akampakatisha mwalimu kapu lilelile, limejaa futari yao yote, sambusa zikifuka moshi.