Kofia ya Arobaini

Katika ukoo wao, siku ya arobaini nguo za marehemu hugawiwa na mtoto wake mkubwa, na asiyepewa chochote si ndugu tena.

Shangazi Salme mwenyewe ndiye aliyeagiza kipimo cha DNA. Alitema mate kichupani mbele ya ukoo mzima, kisha akamsukumia Mwanakheri kichupa cha pili.

“Tema, mwana wa kuokotwa. Tujue mama yako alikutoa wapi.”

Leo majibu yalisomwa na imamu. “Salme, huyu ni damu ya kaka yako.”

Watoto wengine wote wa marehemu walikuwa wadogo kwa Mwanakheri. Basi akaketi mkekani, akaanza kugawa. Kanzu zikaenda, koti likaenda, hata soksi zikapata wenyewe. Ikabaki kofia.

Shangazi akakinga mikono miwili. “Usinisahau, mwanangu.”

“Umeniitaje?”

“Mwanangu.”

“Sema tena, shangazi. Wa kule mlangoni hawakusikia.”

Akasema tena, kwa sauti. Mwanakheri akaikung'uta kofia vumbi, akaanza kuikunja polepole, na mikono ya shangazi yake bado imekingwa.