Viatu Mlangoni

Chumba kipya cha mapumziko kilikuwa na makochi na zulia jeupe, kwa hiyo wafanyakazi wa kiwanda cha magari walivua buti mlangoni, kama mtu aingiapo nyumba ya watu. Hakuna aliyewaagiza. Lakini buti za kiwandani zina kamba ndefu kama maneno ya msimamizi; hujamaliza kuzifungua, king'ora kinakuita uzifunge tena.

Ndiyo maana Mwanahawa, ambaye kazi yake ni kupachika milango kwenye magari yanapopita mbele yake, hakuwahi kukalia yale makochi. Leo, miguu ikimuwaka moto, alivua, akaingia, akajitupa kwenye kochi.

"Vipi dada, mmeridhika?" aliuliza bwana wa ustawi wa wafanyakazi, aliyekuja kupiga picha za chumba.

"Kochi zuri," alijibu, macho ameyafumba.

King'ora kikalia. Wenzake wakakimbilia mlangoni. Mwanahawa naye akainama, akasukuma mguu, buti likaukataa. Miguu ilikuwa imevimba, kana kwamba siku zote ilingoja ruhusa tu.

"Fanya haraka, shoga, gari linakuja!" mwenzake Chiku akamhimiza.

"Haliingii."

"Lazimisha!"

Alilazimisha mpaka chozi likamtoka. Kisha akaacha. Akaliweka buti taratibu kando ya lile la pili, akarudi kukaa.

Kupitia kioo cha dirisha aliliona gari likifika mahali pake pa kazi, likasita kidogo kama linalomtafuta, kisha likasogea mbele, halina mlango.