Vikaragosi vya Bi Zuwena

Siku hizi mtu akitaka kumwonyesha mwenziwe kipindi alichokipenda utotoni, hukitoa kichwani mwake. Hufunga kilemba chenye nyaya, picha zikatokea ukutani, na kilichokwisha kuonekana hakimrudii tena mwenyewe.

Bi Zuwena alibaki na kipindi kimoja tu: vikaragosi vya mbao vilivyosafiri mwezini, kamba zake zikionekana waziwazi. Mjukuu wake, Shemsa, alikuwa na homa wiki nzima, hataki hata kuonja chakula.

"Bibi, si ulisema kimoja kilidondoka jicho?"

"Kilidondoka jicho, na kikaendelea kuendesha chombo kama hakina habari!"

Shemsa akacheka, mara ya kwanza tangu augue. Kicheko kile ndicho kilichomponza bibi. Ni vikaragosi tu, akajiambia, mtoto na avichukue. Akafunga kilemba.

Ukutani vikaragosi vikapaa, vikagongana, na Shemsa akacheka mpaka akaomba uji. Lakini kilemba hakikujua kuchagua. Kilichukua chumba kizima na waliokuwemo. Mbele ya televisheni alikaa mtoto mkekani, na nyuma yake mwanamke akimsuka taratibu, akimpuliza kichwani kila palipouma.

"Bibi, mtoto ni wewe! Na huyu anayekusuka si ndiye mama yako?"

Bi Zuwena alimtazama yule mwanamke kwa muda mrefu.

"Simjui, mwanangu," akasema. "Lakini ana huruma. Tazama anavyompulizia mtoto wa watu."