Mrushaji wa Milioni Tisa

"Unamtaka nani?" Marcy Tolliver aliuliza, kipande cha piza kikiwa kimeishia hewani kabla ya kufika mdomoni.

"Schramm," alisema Vernon Gephart. "Harlan Schramm."

Meza nzima iliangua kicheko. Walikuwa watu wanane, wamejibana kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa wa piza mjini Fort Wayne, kila mmoja na timu yake ya besiboli ndani ya kompyuta. Wachezaji walikuwa watu wa kweli waliocheza mwaka 1961. Mechi zilichezwa na kompyuta, na kila mchezaji alipewa uwezo wake wa mwaka ule. Mishahara ilikuwa ya kubuni: dola milioni mia kwa timu, na ukizidisha hata senti, katibu wa ligi, Leland, anakufungia.

Schramm alikuwa mrushaji, mtu wa kumtupia mpigaji mpira. Mwaka ule alirusha mechi sita tu, wapigaji wakamfanya ngoma. Thamani yake ilikuwa laki tisa. Marcy alipokuwa akimsajili, kidole kiliteleza kikaongeza sifuri moja. Ikawa milioni tisa, na sheria ya Leland haikuwa na huruma: ulichoandika umeandika. Tangu siku hiyo alikuwa akimnadi Schramm kwa kila aliyeketi karibu naye. Hakuna aliyemtaka hata bure.

"Vern, umelogwa?" aliuliza.

"Unauza au huuzi?"

Marcy alikuwa msusi. Miaka thelathini ya kuongea na wateja kupitia kioo ilimfundisha kusoma nyuso, na uso wa Vernon ulikuwa wa mtu aliyeonana na ndugu aliyepotea. Bei ikapanda papo hapo.

"Nipe Dabrowski."

"Dabrowski?" Leland aliruka. "Mpigaji wako bora? Vern, usikubali, huu ni wizi wa mchana kweupe!"

"Tulia wewe, watu wazima wanafanya biashara," Marcy alimkata.

Vernon alinyoosha mkono. "Mchukue."

Msimu mzima, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Vernon alilipia kosa lile. Milioni tisa zilikuwa zimemkaba koo. Aliuza wawili apate mmoja, akaokota wachezaji waliotupwa na wenzake, akabadilisha mzee kwa kijana na kijana kwa mzee. Fundi huyu mstaafu wa lifti alijua kuunga vitu vilivyochakaa. Timu yake ya viraka ilishinda, ikashinda tena.

Lakini Schramm hakurusha hata mpira mmoja.

"Mbona humchezeshi?" waliuliza.

"Bado," Vernon alijibu.

Kila mechi ilipoisha alichapisha matokeo, akakunja karatasi, akaitia mfukoni na kuondoka kabla hata piza haijaisha.

"Anakimbilia wapi?" Marcy aliuliza siku moja.

"Hujui? Kwa Schramm mwenyewe," alisema Leland. "Yu hai, yuko nyumba ya wazee pale ng'ambo ya mto. Alikuwa kocha wa Vern zamani, kwenye ligi ndogo ya kulipwa. Anakwenda kumsomea matokeo."

Marcy aliweka piza chini. "Ee Mungu wangu. Na mimi nikamkamua Dabrowski."

Fainali ikawakutanisha Vernon na Marcy. Mechi ya saba ya kuamua bingwa, raundi ya tisa na ya mwisho, timu zimefungana. Warushaji wote wa Vernon walikuwa hoi; kompyuta iliyaonyesha majina yao kwa rangi nyekundu. Jina moja tu lilikuwa la kijani.

"Mlete Schramm," Leland alinong'ona.

"Mlete, Vern," alisema Marcy, mpinzani wake. "Mzee atafurahi, ashinde ashindwe."

Vernon aliukodolea macho mstari ule wa kijani. Kisha akamwita Pruitt, aliyekuwa mwekundu kama nyanya, aliyerusha siku mbili mfululizo.

Dabrowski aliupiga mpira wa kwanza ukavuka uzio. Mchezo ukaisha, Marcy bingwa.

Marcy hakushangilia. Alizunguka meza, akamshika Vernon bega.

"Nimekuelewa," alisema. "Hukutaka apigwe tena, hata na kompyuta. Unampenda sana yule mzee."

"Si mtu wa kawaida kwangu," alisema Vernon, akakunja karatasi yake.

Harlan Schramm, miaka themanini na miwili, alikuwa ameketi dirishani na kofia yake ya besiboli kichwani, anasubiri.

"Haya, tumebeba kombe?"

"Tumelikosa, kocha. Raundi ya tisa. Dabrowski."

"Nani alirusha?"

"Pruitt."

"Pruitt? Pruitt si alikuwa amechoka!"

"Mkono ulikuwa unaning'inia."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mzima kabisa, kocha. Umepumzika tangu Aprili."

Mzee alipiga mkono wa kiti kwa ngumi. Machozi yalimlengalenga. "Sasa kwa nini, Vernon? Msimu mzima! Hata raundi moja! Nimekukosea nini mimi?"

Vernon alivuta kiti, akaketi, akanyoosha miguu. Kwa mara ya kwanza siku ile, alitabasamu.

"Swali hilo nilikuuliza mimi, kocha, Agosti ya 1977, nikiwa nimekaa benchi mechi ya mia moja na kumi na nane mfululizo," alisema. "Ukaniambia nikuletee maji."