Mazoezi ya Niyigena

"Amepata yote tena! Yote!"

Barthélemy aliitupa simu mezani, kisha akaikimbilia kuangalia kama kioo kimepasuka. Kilikuwa kizima. Hilo nalo likamkasirisha.

Yeye alikuwa préfet, mkuu wa shule ya sekondari, mtu ambaye kwa miaka mingi aliwanyang'anya wanafunzi simu mlangoni. Lakini tangu waasi walipouchukua mji wa Goma, walimu wake wengi walikuwa wamekimbia, na hesabu alikuwa akiifundisha mwenyewe, kwa WhatsApp. Kwa simu hizohizo! Aliandika zoezi ubaoni, akalipiga picha, akalituma kwenye kundi, kisha akakaa kungoja majibu kama anayengoja umeme urudi.

Wanafunzi wengi walitumia simu za wazazi. Jibu likija kwa jina la Papa Gentil au Mama Élodie, kila mtu alielewa kwamba aliyeandika ni Gentil au Élodie. Wengine walitoka Rutshuru, ambako shule zilikuwa zimefungwa, na sura zao hakuzijua. Huyu Niyigena aliyepata yote tena, wa simu ya Mama Niyigena, hakuwahi kumtia machoni. Akiambiwa atume jibu kwa sauti, alituma maandishi. Sauti ilikuja mara moja tu, kwa bahati mbaya: mtoto mchanga akilia, na mwanamke akimnong'oneza, "Nyamaza kwanza, nimalize équation," yaani hesabu ya siku hiyo.

Kumbe! Mama ndiye anayefanya mazoezi, na Niyigena yuko zake mpirani!

Barthélemy alichemka. Majina ya watakaofanya Exetat, mtihani wa taifa, yalitakiwa wiki hiyo, na bila mtihani huo hakuna diploma. Hakuwa tayari kupeleka jina la mwizi wa alama. Aliandika: "Niyigena afike kesho aandike mbele yangu. Asipofika, hakuna Exetat."

"Préfet, kufika pale hapana," lilikuja jibu. "Munisamehe."

"Basi nitakuja miye. Munakaa wapi?"

Jibu likaja: "Ndosho, nyuma ya soko. Nyumba ya mbao, mulango wa bleu."

Alipanda pikipiki. Kwenye kizuizi cha waasi, kijana mwenye bunduki, wa umri wa wanafunzi wake, alimwamuru ashuke, akampekua mifuko huku akitafuna kitu. Barthélemy alishuka, akatabasamu, akasema asante. Hasira hiyo aliimeza, akaibeba nzima mpaka Ndosho, pikipiki ikirukaruka juu ya mawe ya volkano na yeye akiyatukana mawe, maana mawe hayana bunduki.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye kitambaa kilichoshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na mtoto mgongoni na macho yake yalitazama chini.

"Karibu, préfet."

"Sikuje kunywa chai, mama. Niyigena iko wapi?"

"Iko hapa."

"Iko hapa! Na kwa shule haonekane? Munafikiri munamusaidia? Munamuharibu! Sasa siku ya Exetat mutaingia naye mu salle ya mutihani?"

"Kama mukikubali," mwanamke alisema polepole, "nitaingia naye."

Barthélemy alipiga hatua mbele. Jeuri ya mtu mzima! Majirani walianza kuchungulia, naye akapaza sauti ili wasikie vizuri.

"Miye nalinda jina ya shule! Miaka yote nimeilinda, sikuachiaka mutu hata mumoja aichafue! Njia ya mwongo ni fupi, mama. Mumuite!"

Alitoa chaki mfukoni, akaandika équation kwenye ule mlango wa bluu, ngumu kuliko zote alizowahi kutuma.

"Afanye hii. Hapa, mbele yangu. Akishindwa, jina yake naifuta leo."

Mwanamke hakuita mtu. Alifungua kikwembe, akamshusha mtoto mgongoni na kumweka mikononi mwa préfet, ambaye alimpokea kwa kutojua la kufanya. Kisha akaichukua chaki, akaandika jibu mstari kwa mstari, bila kusita, akiikandamiza mpaka ikavunjika.

"Niyigena ni huyo munamushika," alisema, akavuta kitambaa na kuinua uso, macho yake yakiwaka kuliko ya mgeni wake. Na Barthélemy akamtambua Umutesi, mwanafunzi wake aliyeshika nafasi ya kwanza darasani, ambaye yeye mwenyewe alimfukuza mwaka uliopita, mbele ya shule nzima, kwa sababu ya mimba.