Kijitabu cha Mfuko wa Unga

Dobi alipitisha pasi ya uvuguvugu juu ya ukurasa wa tisa, karatasi nyeupe ikiwa katikati, na doa la siagi lililodumu miaka arobaini likahamia kwenye karatasi bila ubishi. Akatabasamu. Hakuna doa lililowahi kumshinda, na madoa ya leo yalibeba heshima ya mama yake.

Kijitabu chenyewe kilikuwa cha bure: kurasa ishirini na nne za mikate, keki na biskuti, kiwanda cha unga kilikigawa kwa kila aliyenunua mfuko. Mama yake alidai tangu zamani kwamba mapishi yale yote aliyabuni yeye, alipokuwa mpishi wa majaribio kiwandani. Watu walimcheka mpaka wakamwita Bi Kijitabu. "Ushahidi wangu uko sandukuni," alikuwa akiwajibu, kisha anafunga mdomo. Miaka miwili iliyopita kiharusi kikaufunga kweli.

Sasa kiwanda kilikuwa kinakichapa upya kijitabu hicho, na safari hii kilitaka kuweka jina la mpishi. Wanawake watatu walikuwa wamejitokeza kudai. Mwisho wa kupeleka ushahidi ulikuwa leo saa sita mchana, na sandukuni mwa mama Dobi alikuta kijitabu hiki tu.

Alipomaliza madoa, Dobi akachukua ufutio. Mama, mbishi hata kwa karatasi, alikuwa amechorachora kwa penseli kila mahali: vijiko vitatu vya hamira kavifanya kimoja, moto mkali kaufanya wa wastani. Ungedhani mtoto kakichezea. Dobi aliona aibu kupeleka uchafu ule mbele ya watu wa ofisini. Akafuta taratibu, akapuliza vumbi, akapiga pasi tena hadi mikwaruzo ikalala.

Mama alikuwa akimtazama kutoka kitandani. Dobi alipoinama kumuaga, mkono mmoja wa mama uliobaki na nguvu ukamkamata kiganja na kukaza, koo likikoroma.

"Najua, Mama, hata mimi nina hamu," Dobi alisema, akimbandua vidole kimoja kimoja. "Jioni nitakuletea jina lako."

Machozi yalimtiririka mama. Dobi naye akalia kidogo, kwa furaha, akatoka mbio.

Mzee aliyetunza kumbukumbu pale kiwandani alikuwa mpole. Alikipokea kijitabu kwa mikono miwili, akafunua ukurasa baada ya ukurasa hadi mwisho, kisha akaanza tena mwanzo.

"Mama yako hakukuambia habari za mpiga chapa?"

"Mama hasemi, mzee wangu. Mwaka wa pili huu."

"Mpiga chapa alikosea vipimo kumi na kimoja, na vijitabu vilishatoka. Mpishi alikasirika sana. Alichukua nakala moja, akasahihisha kila kosa kwa penseli, akaondoka nayo. Barua ya mpiga chapa tunayo, na orodha ya makosa yake yote. Atakayetuletea nakala ile, basi ndiye."

Chembe za ufutio zilikuwa bado zimemganda Dobi kwenye mkono wa gauni.

Mzee akakiinua kijitabu kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hiki, binti yangu, hakijawahi hata kuingia jikoni."